Ukifuta kwenye orodha huku unaipitia, nani anarukwa?

Mama mmoja wa kikundi cha kuweka na kukopa alinipigia saa mbili asubuhi, chai yangu haijapoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo kompyuta yako inanidai nini? Nimelipa Jumamosi, mhazini kaandika mbele yangu, halafu jana usiku inaingia meseji kwamba nikumbuke deni langu. Na simu alikuwa nayo baba watoto."

Kikundi hicho nilikiandikia programu ndogo kwa Python, lugha mojawapo ya kuandikia programu za kompyuta. Kazi yake ilikuwa nyepesi: ichukue orodha ya wanachama wote, iwaondoe waliokwisha kulipa, waliobaki iwatumie meseji ya kuwakumbusha. Ilikuwa imefanya kazi miezi mitatu bila lawama. Nikafungua daftari la mhazini, mama kalipa kweli. Nikafungua msimbo, nikausoma mara nne, sikuona kitu. Ulisomeka kama maneno ya mtu mwenye akili timamu: kwa kila mwanachama aliye kwenye orodha, kama deni lake ni sifuri, mfute.

Kosa lilikuwa limekaa ndani ya sentensi hiyohiyo. Nikiupunguza msimbo ule hadi kubaki na madeni peke yake, unakuwa hivi:

```
madeni = [5000, 0, 0, 3000, 0]

for deni in madeni:
    if deni == 0:
        madeni.remove(deni)

print(madeni)
```

Ungetarajia ibaki 5000 na 3000. Inachapisha `[5000, 3000, 0]`. Sifuri moja imepona.

Tuifuate hatua kwa hatua, maana hapa ndipo kila kitu kilipo. Python inapopitia orodha haishiki kitu chenyewe. Inashika namba ya nafasi. Huanza na nafasi 0, ikimaliza inaongeza moja, na kila mara inajiuliza swali moja tu: je, namba hii bado ni ndogo kuliko urefu wa orodha? Basi. Ione namba hiyo kama kidole kinachotembea juu ya karatasi.

Kidole kiko nafasi 0, kinaona 5000, hakuna la kufanya. Kinakwenda nafasi 1, kinaona sifuri, sifuri inafutwa. Orodha haiachi pengo, kwa hiyo waliokuwa nyuma wanasogea mbele na orodha inakuwa `[5000, 0, 3000, 0]`. Sifuri iliyokuwa nafasi 2 sasa imekaa nafasi 1. Kidole hakina habari hizo. Chenyewe kinajua kimemaliza nafasi 1, kinakwenda nafasi 2 na kukuta 3000. Ile sifuri iliyosogea imepita chini yake bila kuonwa.

Kinafika nafasi 3, kinaona sifuri ya mwisho, kinaagiza ifutwe. Hapa kuna mtego wa pili ambao wengi hawauoni: `remove` haifuti kitu kilichopo chini ya kidole, inafuta cha kwanza kinachofanana nacho kuanzia mwanzo wa orodha. Kwa hiyo inayofutwa ni ile sifuri iliyorukwa, na iliyoonwa ndiyo inayobaki! Hesabu ya sifuri inatoka ileile, lakini aliyepona ni mwingine. Kwenye programu yangu kila mwanachama alikuwa na jina na namba yake ya simu, hawakufanana, kwa hiyo mtego huu wa pili haukunipata. Wa kwanza ulinitosha.

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati anaujua mchezo huu. Watu wamekaa kwa mstari, mmoja akiitwa ndani wote walio nyuma yake wanasogea kuziba nafasi. Sasa chukua muuguzi anayegawa kadi kwa kuhesabu viti, siyo kwa kuangalia nyuso: kiti cha kwanza, cha pili, cha tatu. Wa kiti cha pili akiinuka na kuingia kwa daktari, aliyekuwa wa tatu anasogea kwenye cha pili. Muuguzi huyo, kichwa kiko kwenye makaratasi, anakwenda kiti cha tatu. Yule aliyesogea atakaa pale hadi adhuhuri akijiuliza amekosa nini.

Swali lililoniuma zaidi ni jingine: miezi mitatu ile ilipitaje? Nilikuwa nimejaribu msimbo kabla ya kuukabidhi. Nilitumia orodha kama `[5000, 0, 3000, 0, 2000]`, ikanipa `[5000, 3000, 2000]`, nikafunga kompyuta. Ukiifuata orodha hiyo kwa kidole utaona kwamba 3000 na 2000 hazikukaguliwa kabisa. Zote mbili zilirukwa, ila kwa bahati zilikuwa ni za kubaki, kwa hiyo kurukwa kwao hakukuonekana. Hitilafu inajitokeza pale tu wawili wa kufutwa wanapokaa bega kwa bega, na wa pili wao ndiye anayerukwa.

Tungesema basi ni nadra. Ingekuwa nadra kama watu wangekaa kwenye orodha bila mpango. Mama yule na jirani yake walijiunga na kikundi siku moja, wakaandikwa kwa kufuatana, na huenda kulipa pamoja kwa sababu wanatoka mtaa mmoja. Jirani alifutwa, mama akarukwa. Data za watu zina tabia hiyo: wanaofanana hukaa karibu. Nami kwa kubana herufi za meseji sikuweka kiasi cha deni. Ningekiweka, ingesomeka "unakumbushwa deni lako la shilingi 0", tungecheka na kosa lingejianika siku hiyohiyo.

Watu wengi hufundishwa kanuni ya "usifute ndani ya kitanzi" kama mwiko wa kijijini, usile mayai ukiwa mjamzito, bila sababu. Sababu ni hii: kitanzi, yaani ule mstari wa `for` unaorudia kazi kwa kila kitu, na orodha ni watu wawili, na kila mmoja ana hesabu yake. Orodha inajua ina vitu vingapi na viko wapi. Kitanzi kinajua kimefika wapi. Unapoibadilisha orodha bila kupitia kwa kitanzi, hesabu ya kitanzi inakuwa ya zamani, na hakuna aliyekipigia simu kukijulisha. Kufuta kunakifanya kiruke. Kuingiza kitu kwenye nafasi ambazo kidole kimeshazipita kunakifanya kikione kitu kimoja mara mbili. Na kuongeza mwishoni kuna balaa lake:

```
for deni in madeni:
    madeni.append(deni)
```

Mistari miwili tu. Kila kidole kinaposogea hatua moja, mwisho wa orodha nao unasogea hatua moja. Hawakutani kamwe. Programu itakimbia mpaka kumbukumbu ya kompyuta iishe, na kama ni kompyuta ya kazini utasikia feni ikivuma kabla hujaelewa.

Lugha mbalimbali zimelijibu tatizo hili kwa tabia tofauti, na binafsi naona tabia hizo zinasema mengi kuhusu waliozitengeneza. Python kwa upande wa orodha imeamua kunyamaza. JavaScript vilevile: ukifuta kwa `splice` ndani ya kitanzi chake cha `forEach`, vitu vinarukwa kimyakimya.

Java ilichagua daftari. Tangu mfumo wake wa mikusanyiko ulipoingia na toleo la 1.2 mwaka 1998, `ArrayList` ina namba ya ndani iitwayo `modCount`. Kila kitu kikiongezwa au kufutwa, namba inapanda. Kitanzi kinapoanza kinanakili namba hiyo, na kila kinapoomba kitu kinachofuata kinalinganisha nakala yake na iliyopo. Zikitofautiana, programu inasimamishwa na kosa liitwalo `ConcurrentModificationException`. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wenzetu hawa waliweka daftari.

Jina la kosa hilo limewapoteza wengi, hata hivyo. Linafanya ufikiri kuna shughuli mbili zinazokimbia sambamba na kugongana, watu wakaanza kutafuta kufuli za kuzuia migongano hiyo. Shughuli moja peke yake inatosha kabisa kulipata. Anayegongana na orodha ni kitanzi chako mwenyewe.

Na daftari lenyewe lina tundu. Hili nilipoliona mara ya kwanza nilidhani mashine imeharibika:

```
List<String> bidhaa =
    new ArrayList<>(List.of("unga", "sukari", "chumvi"));

for (String b : bidhaa) {
    if (b.equals("sukari")) bidhaa.remove(b);
}
```

Badilisha "sukari" uweke "unga": kosa linatokea. Weka "chumvi", ambayo ni ya mwisho kabisa: kosa linatokea. Iache "sukari", ya pili kutoka mwisho: kimya, programu inaendelea na shughuli zake kana kwamba hakukuwa na lolote.

Sababu ni kwamba kitanzi cha Java kina maswali mawili. Kwanza kinauliza kama kuna kingine mbele. Halafu, kama kipo, kinakiomba, na ukaguzi wa daftari unafanyika kwenye kuomba tu. Jibu la swali la kwanza linapatikana kwa kulinganisha kidole na urefu wa orodha. Baada ya kupitia vitu viwili kidole kiko 2. "Sukari" imefutwa, urefu nao umekuwa 2. Vinalingana, kitanzi kinahitimisha kwamba kazi imekwisha, na hakiombi tena. "Chumvi" haikukaguliwa, daftari halikufunguliwa. Nyaraka za Java zenyewe zinakiri kwamba ukaguzi huu ni wa kadiri inavyowezekana na programu isijengwe kwa kuutegemea. Ukiifuta "chumvi", ile ya mwisho kabisa, kidole kinakuwa 3 na urefu 2. Havilingani, kwa hiyo kitanzi kinadhani bado kuna kitu mbele, kinaomba, na hapo ndipo kinakamatwa.

Python nayo, isiyo kali kwenye orodha, inakuwa kali kwenye kamusi, yaani ule mkusanyiko wa funguo na thamani. Ukiongeza au kufuta ufunguo huku unaipitia, unapata `RuntimeError` ikikuambia ukubwa umebadilika. Kubadilisha thamani ya ufunguo uliopo hakuna tatizo, maana hakuna aliyehama. Ila ukaguzi wake unahesabu vichwa: futa ufunguo mmoja na uongeze mwingine papo hapo, idadi haijabadilika, na huenda isikushtukie mara moja. Walioishi enzi za Python 2 wanakumbuka kwamba `.keys()` ilikuwa inatoa orodha mpya, nakala, kwa hiyo kufuta ndani ya kitanzi kulikubalika. Python 3 ikageuza `.keys()` kuwa dirisha la kuchungulia kamusi ileile, na misimbo mingi iliyokuwa imelala usingizi ikaamka na makosa.

C++ ndiyo ya kuogopa. Vekta yake, yaani orodha yake, ikijaa na ukaongeza kitu, inatafuta eneo kubwa zaidi la kumbukumbu na kuhamisha vitu vyote huko. Kidole chako kimebaki kinaelekeza kwenye nyumba iliyohamwa. Unaweza kukuta vitu vya zamani bado vimo, unaweza kukuta mpangaji mwingine, unaweza kufukuzwa na programu ikafa. Lugha haikuahidi lolote. Go iko kati: kwenye ramani zake, yaani kamusi, kufuta wakati wa kupitia ni ruksa kisheria, lakini ukiongeza kitu, maelezo rasmi yanasema kinaweza kuonekana au kisionekane. Rust, iliyotoka toleo lake la 1.0 mwaka 2015, inakataa mapema: orodha ikiwa imeazimwa kwa ajili ya kusomwa na kitanzi, kompaila, yaani programu inayoutafsiri msimbo kabla haujaendeshwa, haikuruhusu kuiandika, na programu haizaliwi. Mwanzoni inaudhi kama askari wa geti anayekujua lakini anadai kitambulisho. Baada ya meseji ya yule mama nilianza kumwelewa askari.

Usidhani haya ni mambo ya orodha ndogo za wanafunzi. Mwaka 1976, kipindi cha Halloween, sikukuu ya mwisho wa Oktoba huko Marekani, watafiti wa IBM huko San Jose, California, wakiwemo Pat Selinger na Morton Astrahan, walikuwa wanajenga System R, hifadhidata ambayo SQL, lugha ya kuuliza na kubadilisha data, ilikulia ndani yake. Waliandika agizo la kumwongezea asilimia 10 kila mfanyakazi anayepata chini ya dola 25,000. Agizo likakimbia bila kosa. Walipotazama matokeo, hakukuwa na mfanyakazi hata mmoja aliyebaki chini ya dola 25,000.

Mfumo ulikuwa unawatafuta wafanyakazi kwa kupitia faharasa iliyopangwa kwa mshahara, kutoka mdogo kwenda mkubwa. Ulipomkuta mtu wa dola 10,000 ulimpandisha hadi 11,000, na kwa kuwa faharasa imepangwa kwa mshahara, mtu huyo akahamia mbele ya kidole. Kidole kikamfikia tena. Yuko chini ya 25,000? Ndiyo, mpe 12,100. Akahamia mbele tena. Mtu wa dola 10,000 angepandishwa mara kumi, hadi dola 25,937 na senti kidogo, ndipo aachwe. Kwa wafanyakazi ingekuwa sherehe. Jambo hili linaitwa tatizo la Halloween hadi leo, na injini za hifadhidata bado hulikwepa kwa kutenganisha kazi mbili: soma kwanza wote wanaostahili, ukimaliza kusoma ndipo uandike.

Kutenganisha huko ndiko dawa yenyewe, hata kwenye programu ya kikundi. Njia ninayoipenda ni kutofuta kabisa. Unajenga orodha mpya ya wanaobaki:

```
madeni = [d for d in madeni if d != 0]
```

Wapo wanaopitia nakala na kufuta kwenye orodha asili, `for d in madeni[:]`, na inafanya kazi, ingawa ule mtego wa `remove` kufuta cha kwanza kinachofanana bado upo. Wapo wanaoanza nyuma kuja mbele kwa namba za nafasi. Muuguzi wetu akianzia mwisho wa benchi, anayeinuka anawasogeza wale tu aliokwisha kuwapa kadi, kwa hiyo harukwi mtu. Java tangu toleo la 8 la mwaka 2014 ina `removeIf`, C++20 ina `std::erase_if`, Rust ina `retain`: zote zinaipa orodha sharti na kuiachia ijisafishe yenyewe, maana yenyewe ndiyo inayojua nani amehamia wapi.

Kuna na suala la kasi. Kufuta kitu kimoja mwanzoni mwa orodha ya vitu 100,000 kunawasogeza 99,999. Ukivifuta vyote kimoja kimoja kutoka mbele, jumla ya kusogea inafika 4,999,950,000. Kujenga orodha mpya ni kukagua mara 100,000, basi.

Na kama kweli unahitaji kuongeza vitu huku kazi inaendelea, kwa mfano programu inayofungua ukurasa na kukuta viungo vya kurasa nyingine za kufungua, usitumie kitanzi cha kupitia. Tumia foleni: maadamu foleni haijaisha, toa wa kwanza, mhudumie, wapya wakae mwisho. Hapo hakuna kidole kinachokumbuka nafasi, kwa hiyo hakuna cha kupitwa na wakati. Weka tu kumbukumbu ya waliokwisha kuhudumiwa, la sivyo kurasa mbili zinazotajana zitakuzungusha hadi kesho.

Mimi nilirekebisha kwa ule mstari mmoja wa orodha mpya, nikamwomba mama radhi, nikalala. Mwezi uliofuata meseji zilikwenda sawasawa, lakini mhazini akapiga: ripoti yake bado inaonyesha waliolipa wapo kwenye orodha ya wadaiwa. Sehemu ya ripoti ilikuwa imeishika orodha ya zamani tangu programu ilipowaka, nami nilikuwa nimelihamisha jina tu likaelekee orodha mpya. Ile ya zamani ilibaki vilevile mikononi mwa ripoti. Dawa yake ilikuwa mabano mawili na nukta mbili, `madeni[:] = ...`, ambayo inabadilisha vilivyomo ndani ya orodha ileile badala ya kuleta nyingine. Nilimtumia mhazini ripoti mpya usiku ule. Akajibu kwa neno moja, "Haya," na kesho yake akaendelea kuandika kwenye daftari la karatasi.